Paka, Mbwa na Koti la Baba Mkwe

Panya alimng'ata mtoto wa mdogo wangu kidole cha mguu mchana kweupe, siku ya nne tangu mama na mtoto wafike kwangu wakitokea mji wa Kiwanja. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Mdogo wangu alikuwa amekimbia naye kifuani, nguo zao zote zimefungwa ndani ya kitenge kimoja, na safari yote hiyo, katikati ya watu na mbuzi na magodoro, hakuna kitu kilichomgusa mtoto. Akaja kuumia nyumbani kwangu Majengo, mjini Goma, kwenye godoro nililowatandikia mimi mwenyewe karibu na gunia la maharagwe.

Mdogo wangu hakulia. Alikifunga kile kidole kwa kitambaa, kisha akaniangalia.

"Yaya," akasema, maana ndivyo kwetu anavyoitwa dada mkubwa, "masasi ya bunduki tumeikimbia. Sasa panya tutaikimbia tuende wapi?"

Niseme mapema ili msomaji asinitegemee bure: mimi ni mwoga. Naogopa panya, naogopa mbwa, naogopa radi, na wakati ule niliogopa hata mtu akipiga hodi. Nilizaliwa hivyo Butembo, kwa wazazi wachuuzi waliotufundisha kufunga mlango mapema na kuongea polepole. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na methali hiyo mimi niliishika kuliko katekisimu.

Vita vilikuwa vinashuka kutoka kaskazini. Mume wangu alikuwa amekwenda Bukavu kikazi na boti zikasimama, kwa hiyo nyumbani tulibaki mimi, mdogo wangu na mtoto wake, na baba mkwe wangu. Baba mkwe alikuwa mfugaji wa Masisi. Ng'ombe wake walichukuliwa wote siku moja, akaja Goma kwa miguu na vitu vitatu: fimbo, koti refu la sufu, na mbwa jike wa rangi ya kahawia mwenye sikio moja lililochanika. Kwa miaka mitano alikaa kwetu kama mtu anayesubiri gari. Ng'ombe hakuwa nao tena, lakini kila neno lake lilipitia kwa ng'ombe. Mvua ikichelewa, ng'ombe. Nikipika sombe ya majani ya muhogo, alinisimulia ng'ombe wake mmoja aliyependa majani laini. Mimi nilicheka jikoni, peke yangu, kwa adabu.

Nasema kwa adabu kwa sababu nililelewa kwamba mkaza mwana hamzoei baba mkwe. Nilimwekea chakula mezani, nikarudi nyuma. Sikukaa kwenye kiti chake, na nguo zake sikuzigusa, alizifua mwenyewe. Lile koti, miaka mitano chini ya paa moja, nilikuwa sijaligusa hata kwa kidole.

Dawa ya panya tuliiogopa kwa ajili ya mtoto na kwa ajili ya mbwa. Mtego ulinasa panya mmoja tu, wengine wakawa wanauruka. Ilibidi apatikane paka, na paka alikuwepo: jirani zetu walikuwa wamevuka mpaka kwenda Gisenyi, wakafunga nyumba kwa kufuli, na paka wao akabaki ndani. Kwa siku mbili tulimsikia akilia nyuma ya ukuta wa mbao.

Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza, siku zile mtu akikutwa ndani ya nyumba ya mwingine aliitwa mporaji, na wezi walikuwa wanapigwa na watu wa mtaa bila kuulizwa swali. Ya pili ni yule mbwa. Kule Masisi kazi yake ilikuwa kulinda ndama usiku, na kitu chochote chenye kucha kilichonyata alikihesabu adui. Hapa mjini alikuwa ameshaua paka wawili wa mtaa. Na hatukuweza kumfunga nje, maana askari waliopita barabarani hawakupenda kubwekewa. Mbwa wa nyumba ya tatu alipigwa risasi getini kwao. Wetu alikuwa amefungwa kwenye korido, kamba kwenye msumari, karibu na mlango wa nyuma. Na chumba cha mdogo wangu hakikuwa na mlango, pazia tu.

Lakini usiku ule mdogo wangu alilala ameketi, mtoto mapajani, mwiko mkononi. Asubuhi macho yake yalikuwa yamevimba. Ndipo nikaona nitakufa kwa aibu kabla ya kufa kwa woga.

Tuliingia uani kwa jirani saa sita, wakati watu wote walikuwa wamekwenda kupanga foleni na bidoni zao, yale madumu ya maji. Mdogo wangu alishika ubao, mimi nikang'oa msumari kwa jembe. Nikaingiza kisahani cha sambaza, dagaa wa ziwani kwetu. Paka alitoka taratibu, jike, mweupe wa mabaka meusi, mbavu zote zinahesabika, na mgongoni ana kidonda kama cha maji ya moto. Alikula sambaza hadi ya mwisho, akalamba kisahani, akalamba na vidole vyangu. Tukamtia ndani ya kapu lenye kifuniko.

Mbwa alijua kabla hatujafika mlangoni. Hakubweka. Alisimama, manyoya ya shingo yakainuka yote, na ndani ya kifua chake ukaanza mngurumo mdogo usiokatika. Ndani ya kapu paka akawa mzito ghafla. Mimi nilitaka kuliacha kapu palepale kizingitini nikimbie.

Baba mkwe alitoka sebuleni. Alimtazama mbwa, akatazama kapu, kisha kwa mara ya kwanza tangu vita vianze nikamwona uso umechangamka.

"Ng'ombe ikifiwa na mutoto wake, inakatala mutoto ya ingine," alisema. "Inaipiga teke. Sasa wewe unakamata ngozi ya ile ilikufa, unavalisha ile nzima. Unapakaa na munyu. Mama inanusa, inalamba. Ikilamba, imekwisha kuwa yake."

"Papa, hii ni imbwa," nikasema.

"Imbwa pia iko na pua."

Ubishi na baba mkwe sikuuweza. Nilileta chumvi. Aliilowesha kiganjani, akaingiza mkono ndani ya kapu, akaanza kumpaka paka mgongoni kwa upole kabisa, kama ndama. Nilikumbuka kile kidonda mkono wake ulipokuwa umeshafika.

Paka alipanda hewani. Alinichana mkono kuanzia kiwiko hadi kidole, akapita juu ya bega la baba mkwe, Muzee kama tulivyomwita nyumbani, akaruka hadi juu ya kabati. Mbwa akajirusha kwa nguvu zake zote. Msumari ulilia ndani ya mbao. Na sasa alibweka, kubweka kwa nguvu kulikojaza nyumba.

Huko nje hatua za watu zilizokuwa zinapita zikasimama.

Sijui kama umewahi kusikia viatu vikisimama. Mawe yetu ya volkano yanapiga kelele chini ya kiatu, kwa hiyo ukimya wake unausikia vizuri. Walikuwa nje ya ua wetu, upande wa pili wa mabati. Muzee alikuwa ameshapiga magoti na kumfumba mbwa mdomo kwa mikono miwili. Mdogo wangu alimpa mtoto titi. Mimi nilisimama na damu ikinidondoka kwenye sakafu, nikiwaza kwamba tutakufa kwa ajili ya paka, na kwamba Bukavu mume wangu hataelewa. Mtu mmoja alikohoa. Kisha mawe yakaanza tena kulia, yakaenda mbali.

"Munyu ni ya ng'ombe," Muzee akasema akiwa bado chini. "Nimekosea."

Nilidhani mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa na ngozi. Mbwa yule tangu utoto wake alilala juu ya pindo la lile koti. Porini, mvuani, na kwetu. Jioni ile Muzee alilivua koti, akalitandika ndani ya kapu, akamtia paka juu yake, akaweka jiwe kwenye kifuniko. Asubuhi akalitoa, akalivaa, akaenda kwa mbwa wake kumpa salamu kama kila siku.

Mbwa alikuja akitikisa mkia. Alipofika miguuni akanusa pindo. Mkia ukasimama. Akarudi hatua moja, akamtazama mwenye koti usoni, na akamngurumia.

Alimngurumia yeye. Mtu aliyetembea naye kutoka Masisi, aliyegawana naye kila kipande cha bugali. Muzee hakumpiga wala hakumkemea. Alitoka nje, akasimama akitazama mabati ya ua, na sisi tuliona mgongo wake tu. Nilimhurumia. Angekuwa baba yangu ningemfuata.

Alipoingia nilimwambia, nikiwa mbali, macho chini, "Papa, tuache tu. Paka tutaitafutia nyumba ingine."

"Hapana. Ng'ombe ikikatala leo, unarudi kesho."

Na kweli alirudi kesho, na kesho yake. Kila jioni koti lilikwenda kwa paka, kila asubuhi likarudi mgongoni kwa Muzee, naye akakaa chini mbele ya mbwa akimlisha bugali kwa mkono, hata akingurumiwa. Kapu alilisogeza mwenyewe kuelekea kwa mbwa. Sakafu yetu ya korido ilikuwa ya mbao, na yeye akaamua mbao mbili kila siku, si zaidi. Mimi nilikuwa naona ni kuchezea kifo. Kila nikipita na sufuria nilijibana ukutani, mbwa upande huu, kapu upande ule, nikimwomba Bikira Maria aniruhusu nifike jikoni na miguu yote miwili.

Kila asubuhi Muzee alimtoa mbwa uani kidogo, na hapo tulimfungulia paka chumbani. Siku ya pili aliua panya wawili. Siku ya tatu alimkamata mmoja mkubwa, karibu ukubwa wa kiatu changu, pale pale penye gunia. Mdogo wangu alilala akiwa amenyoosha miguu, kwa mara ya kwanza, na mtoto kifuani pake. Nilisimama kwenye pazia nikiwatazama wakipumua. Nikajua kwamba huyu paka hawezi kuondoka, na kwamba mbwa akimmaliza, mdogo wangu atarudi kulala na mwiko.

Wakati huohuo mabomu yalianza kusikika upande wa Lac Vert, kwenye barabara ya Sake. Watu waliokuwa wamekimbilia kule walianza kuingia mjini wakiwa na sufuria vichwani. Tulihesabu mbao na tukasikiliza mabomu. Zilikuwa zimebaki mbao nne.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine. Ilikuwa kama saa nne asubuhi. Mdogo wangu alikuwa kwenye jiko letu la nje akikoroga uji, na aliniachia mtoto. "Yaya, niangalilie mutoto," alisema, na mimi nikasema ndiyo. Nilimlaza kwenye beseni la plastiki lililotandikwa kitenge, nikaliweka koridoni, maana korido haikuwa na dirisha na kila mtu Goma anajua ukisikia risasi unalala pale. Muzee alikuwa sebuleni amevaa koti lake. Mbwa kwenye kamba. Kapu kwenye ubao wake.

Bomu la kwanza lilianguka karibu sana, kiasi kwamba sikulisikia kama sauti. Niliona tu vumbi likishuka kutoka kwenye paa. Nikajikuta nimelala kifudifudi, mdomo kwenye mbao. Risasi zikaanza kupita juu, na mabati yakawa yanagongwa. Nilimwita mdogo wangu, lakini kutoka jikoni hadi mlangoni ni uwanja mtupu, na nilimsikia akijibu kwa kilio kwamba hawezi kuvuka. Kapu lilikuwa limepinduka. Nilimwona paka akizunguka mara mbili kama kipofu, kisha akaruka ndani ya beseni na kuingia chini ya kitenge, miguuni kwa mtoto.

Bomu la pili likakata kamba, au msumari uliruka, sijui. Nilichoona ni mbwa akija.

Alisimama juu ya beseni. Manyoya yamesimama, meno yote nje, na mngurumo ule ule wa siku ya kwanza. Ndani ya kitenge paka akajibu. Mtoto alikuwa katikati yao, akilia. Beseni lilikuwa mbele yangu, urefu wa mkono. Ningenyoosha mkono ningelivuta.

Sikunyoosha. Nimeyarudia mawazoni mara nyingi, na kila mara mkono wangu uko palepale, kwenye sakafu, ukiwa na alama za kucha za paka, na hausogei. Nilifumba macho. Nilisema Salamu Maria na sikufika "umejaa neema".

Nilipoyafumbua, baba mkwe alikuwa anakuja koridoni. Alikuwa anatembea wima, katika nyumba ya mbao ambayo risasi zilikuwa zinaitoboa, akilivua koti lake taratibu, mkono mmoja kisha wa pili. "Papa, lala chini," nilisema, au nilidhani nimesema. Alifika, akalitandaza koti juu ya beseni lote, mtoto na paka, kisha akapiga magoti na kuweka mkono wake juu yake. Meno ya mbwa yalikuwa karibu na ule mkono. Mbwa ambaye juzi tu alikuwa amemngurumia.

Alijaribu kumpigia mluzi wake, midomo ikawa imekauka. Akaanza kuongea. Lugha ya kwao siijui vizuri, lakini sauti ile niliijua, aliwahi kutuonyesha alivyowaita ng'ombe wake wakati wa kukamua. Mbwa alinusa koti. Alinusa kola, akanusa mfuko, akanusa pindo pale alipolala miaka yake yote, na pale alipolala paka. Chini ya koti kitu kilisogea. Mbwa akakiwekea pua. Muda ule ulikuwa mrefu kuliko mabomu yote. Kisha akalamba lile pindo mara moja, akajikunja na kulala akiegemea beseni, akitetemeka mwili mzima kama sisi.

Muzee alibaki na shati tu, amekaa hapo sakafuni hadi risasi zilipohamia mbali, kuelekea ziwani. Mara moja alinitazama. Nikatazama mbao.

Mdogo wangu aliingia mchana akitambaa, uji umemmwagikia hadi miguuni. Alifunua koti. Mtoto alikuwa amelala, paka amejikunja miguuni pake. Mbwa aliinua kichwa, akakirudisha. Mdogo wangu aliwatazama wote, kisha akageuka.

"Nani alifunika mutoto na koti ya Papa?"

Nilifungua mdomo. Naapa niliufungua.

"Ni mama yake mukubwa," baba mkwe akasema. "Alininyanganya koti mu mikono."

Mdogo wangu alijua mila tulizolelewa nazo. Alijua kwamba koti lile sikuwahi kuligusa, na kwamba kulinyakua kutoka mikononi mwa baba mkwe kwangu ni kitu kizito kuliko kutembea kwenye risasi. Alinikumbatia akalia shingoni kwangu, siku ile sasa ndipo alipolia. Nyuma yake nilimwona Muzee akikanyaga kanyaga ile korido, akichunguza kuta. Alipata tundu moja kwenye ubao, usawa wa kifua chake. Alitafuta kitambaa, akakisokota, akaliziba ili upepo usiingie.

Sikumrekebisha siku ile, wala kesho yake. Baada ya wiki moja ilikuwa imeshakuwa habari ya familia. Baada ya mwezi mume wangu alirudi kutoka Bukavu akiwa ameshaisikia kwa simu, na alinitazama kama mwanamke mpya. Panya waliisha. Mbwa na paka hawakuwa marafiki, nisiwadanganye. Walikaa kama wakaza wana wawili wa nyumba moja, kila mmoja na upande wake wa pindo. Na Muzee alipoona nataka kusema neno, alianza habari za ng'ombe.

Alifariki kitandani kwake, na mbwa alimfuata kabla msimu haujaisha. Siku ya kugawa vitu vyake wanawe walikaa sebuleni, fimbo ikaenda kwa mkubwa wao. Kisha wakaniita, mimi mkaza mwana kutoka Butembo. Walisema koti ni langu, kwa sababu ya kile nilichokifanya siku ile. Nilipokea kwa mikono miwili. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuligusa.

Lipo sandukuni. Mtoto wa mdogo wangu akija likizo huniomba nilitoe, analivaa, linafika sakafuni, na ananiambia, "Mama mukubwa, nielezee tena vile ulinifunika." Nami humweleza, kama Muzee alivyosema. Mwaka huu amejua kusoma vizuri, vitabu vinene, peke yake. Ndiyo maana nimeandika.